Mume wangu analala kwenye kiti, uso kwenye mlango

Shangazi, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara nne nikaifuta. Sijui pa kuanzia, kwa hiyo nitaanza na mfuniko wa sufuria.

Jumapili mbili zilizopita binti yetu wa miaka 7 alikuwa akiniletea mfuniko jikoni, ukamponyoka ukaanguka sakafuni. Ule mlio tu. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa chini na mtoto yuko chini yake, amemfunika kichwa kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia paa lisimwangukie. Alimbana hivyo kwa muda ambao siwezi kuupima. Mtoto hakulia. Alikuwa akinitazama mimi kupitia kwapani mwa baba yake, anasubiri nimwambie kama huu ni mchezo au la. Kisha mume wangu akainuka, akaenda bombani, akanawa mikono, akanawa, akanawa. Mfuniko ulibaki pale chini mpaka jioni. Hakuna aliyetaka kuuokota.

Mume wangu alikuwa mwanajeshi miaka 14. Alikwenda vitani mara mbili. Mara ya kwanza alirudi amekonda, lakini ni yeye. Mara ya pili, miaka 3 iliyopita, alirudi na mwili mzima, hana hata kovu, na watu wakaja kutupongeza. Nami nilishukuru, nikadhani tumevuka.

Kitandani halali. Analala kwenye kiti sebuleni, kiti amekigeuza kielekee mlangoni, buti miguuni. Kabla ya kukaa anakagua komeo mara tatu. Nimehesabu, haijawahi kuwa mbili. Usiku anapiga kelele za maneno nisiyoyaelewa. Mwanzoni nilikuwa nikienda kumtikisa bega ili aamke. Usiku mmoja nilipomgusa alinikaba shingo. Macho yalikuwa wazi lakini aliyekuwa akimwona si mimi. Aliponiachia alilia kama mtoto, na tangu hapo hataki tulale chumba kimoja. Vidonge vya usingizi anajinunulia mwenyewe, vimejaa kwenye droo. Haendi kwenye sherehe, hapiti penye msongamano, na rafiki zake wa kikosini wakipiga simu hapokei.

Nikimuuliza kulikoni, jibu ni lile lile: "Nyamaza, haya hayakuhusu." Mara moja tu aliniambia kitu. Majirani walikuwa wamepita wakamwita shujaa. Walipoondoka akasema, "Wangejua nilichokifanya wasingenipa mkono." Nikamuuliza, ulifanya nini? Akatoka nje.

Nililipeleka jambo hili kwa wakwe. Baba mkwe naye alikuwa askari enzi zake. Akasema, "Sisi tulipigana, tukarudi, tukashika kazi, tukalea watoto. Hayo ni magonjwa ya siku hizi. Usimbembeleze." Mama mkwe alikuwa akikunja nguo. Hakusema kitu, akaendelea kukunja. Dada yangu kwa upande wake ananiambia nimchukue mtoto niondoke kabla sijazikwa.

Lakini nisiwe mwongo, Shangazi, wiki hii kuna nafuu. Tangu Jumatatu ametulia. Hapigi kelele usiku. Juzi amenyoa ndevu, akacheza na mtoto. Akamwita mdogo wake akampa saa yake ya mkononi, ile aliyopewa kikosini siku ya kuagwa, akamwambia yeye haihitaji tena. Na jana akaniomba radhi kwa yote niliyoyapitia, akasema mimi ni mama mzuri na mtoto yuko mikono salama. Nilifurahi mpaka nikalia. Ndiyo maana nimepata nguvu ya kukuandikia.

Maswali yangu ni mawili. Je, baba mkwe anasema kweli kwamba haya ni magonjwa ya siku hizi? Na mtu kama huyu hupona, au nizoee tu?

Mke Asiyelala

*

Marahaba, mwanangu.

Maswali yako yote mawili nitayajibu, lakini si sasa hivi. Kwanza turudi kwenye saa.

Mtu ameteseka miaka 3, halafu bila matibabu yoyote anatulia ghafla. Anagawa kitu anachokithamini na kusema hakihitaji tena. Anaomba radhi ya jumla, kama mtu anayefunga hesabu. Anakusifu kwa kumlea mtoto kana kwamba utamlea peke yako. Huenda ni nafuu kweli, na ninaomba iwe hivyo. Lakini pia inaweza kuwa ni utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua kufa. Wanaohudumia watu waliofika hapo wanaujua utulivu huu, na familia nyingi zilizofiwa husimulia wiki ya mwisho iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Kwa hiyo ukimaliza aya hii na inayofuata, weka simu chini uende kumuuliza. Muulize kwa neno lenyewe: "Unafikiria kujiua?" Usizunguke kwa kusema "huwazi mambo ya ajabu, sivyo?" maana swali la namna hiyo linamwekea jibu mdomoni. Najua unaogopa kwamba ukilitaja utampa wazo ambalo hakuwa nalo. Hapana. Kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo la kujiua, na wengi wakiulizwa hivyo hushusha pumzi, kwa kuwa mzigo ule hatimaye kuna mwingine aliyeuona.

Akikubali, au akinyamaza asijibu, usimwache peke yake hata kidogo. Mwite yule mdogo wake, mwende hospitali saa hiyo hiyo, na mkifika mapokezi mseme "anataka kujiua". Msiseme "amechoka" wala "ana mawazo". Akigoma kwenda, piga namba ya dharura. Hata akikuapia kwamba hana wazo hilo, vidonge vyote vya kwenye droo na silaha yoyote iliyomo nyumbani viondoke leo, vikakae kwa shemeji, na daktari amwone mapema iwezekanavyo. Hamu ya kufa hupanda na kushuka kama wimbi. Linapopanda, asiwe na kitu karibu.

Nenda. Nitakusubiri hapa.

Sasa nikueleze kwa nini saa ile ilinishtua kuliko hata mkono ule shingoni mwako. Kabla ya safu hii nilifundisha tamthilia kwa miaka mingi, na nilipofika kwenye ile aya yako ya nafuu nilimkumbuka askari mwingine. Anaitwa Ajax. Tamthilia yenye jina lake iliandikwa na Sophocles huko Athens katika karne ya 5 KK, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Ajax ni askari wa Kigiriki katika vita vya Troy, pande la mtu, wa pili kwa ushujaa baada ya Achilles. Achilles anapokufa, silaha zake anapewa Odysseus, kamanda mwenzao, badala ya Ajax. Usiku Ajax anatoka na upanga kwenda kuwaua makamanda wake mwenyewe. Mungu wa kike Athena anamvuruga akili, naye anaishia kuchinja ng'ombe na kondoo wa jeshi, wengine akiwaburuta mpaka hemani kwake na kuwatesa akidhani ni watu. Akili inapomrudia, anajikuta amekaa katikati ya mizoga.

Anayetusimulia usiku ule ni mkewe, Tecmessa. Ndiye aliyekuwa macho. Anawaambia mabaharia wa mumewe jinsi alivyomwona akichukua upanga wakati taa za jioni zimekwisha kuzimika, jinsi alivyomuuliza anakwenda wapi ilhali hakuna mjumbe aliyekuja kumwita wala tarumbeta iliyolia, na jeshi zima limelala. Akajibiwa kifupi, jibu ambalo Tecmessa anasema ni wimbo wa kila siku: pambo la mwanamke ni kunyamaza. Mumeo ametumia maneno machache zaidi, lakini jibu ni hilo hilo.

Halafu sikiliza yanayofuata. Ajax anaomba aletewe mwanawe mdogo, Eurysaces. Anampa ngao yake kubwa ya ngozi saba. Silaha nyingine, anasema, zizikwe pamoja naye. Mkewe anamsihi, anamkumbusha mtoto, anamkumbusha wazazi wake wazee. Hasikii. Anaingia ndani, na anapotoka tena ametulia. Anasema amelainika, anamwonea huruma mkewe na mwanawe, anakwenda ufukweni kuoga na kujitakasa, na ule upanga ataufukia ardhini pasipo mtu wa kuuona. Karibu kila neno lina maana mbili, na wanaompenda wanasikia ile moja wanayoitaka. Mabaharia wanaruka kwa furaha. Sophocles amewaandikia wimbo mzima wa kushangilia pale pale, kabla tu ya kifo. Nilipokuwa kijana niliona ni ufundi wa jukwaani. Siku hizi nadhani alikuwa amewahi kuiona familia ikifurahi hivyo.

Mara anafika mjumbe. Mwaguzi Calchas ameonya: leo Ajax asitoke hemani kwake. Hasira ya Athena itamwandama siku hii moja tu, akiivuka huenda akaishi. Wanatazama, hayupo. Tecmessa ndiye anayeukuta mwili, anaufunika kwa joho, kwa sababu, anasema, hakuna ampendaye atakayestahimili kumtazama.

Nimeisoma tamthilia hiyo mara zisizohesabika, na kila nikifika hapo namkasirikia yule mjumbe. Angekimbia kidogo tu. Wewe, mwanangu, bado hujachelewa.

Baba mkwe sasa. Nitamjibu kwa heshima, maana yeye alivaa gwanda na mimi sikuvaa. Amekosea. Huyo Sophocles niliyemtaja hakuwa mtunzi wa kujifungia chumbani. Mnamo 441 KK alichaguliwa kuwa mmoja wa majemadari wa Athens. Aeschylus, mtunzi mwenzake aliyemtangulia, alipigana na Waajemi katika vita vya Marathon mwaka 490 KK, na ndugu yake akafia pale pale. Na waliokaa kuwatazama waigizaji, wengi wao walikuwa watu waliokwisha kushika mkuki au kuvuta makasia ya merikebu za kivita. Kabla ya maigizo kuanza, vijana ambao baba zao walikufa vitani walipitishwa mbele ya umati wakiwa wamevaa silaha walizopewa na dola. Mbele ya watu wa namna hiyo ndipo alipowekwa shujaa aliyerukwa na akili akajiua. Kama lingekuwa jambo geni kwao wasingeelewa hata nusu yake.

Kama baba mkwe hapendi hadithi za jukwaani, kuna Herodotus, mwanahistoria. Katika maelezo yake ya Marathon, ushindi ambao Athens ilijivunia kuliko yote, anamtaja mtu mmoja aitwaye Epizelus. Alikuwa anapigana vizuri tu. Hakuguswa na upanga wala mshale. Akapofuka pale pale, na akabaki kipofu maisha yake yote. Alisimulia kwamba aliona mtu mkubwa mwenye ndevu zilizofunika ngao nzima akimpita na kumuua mwenzake aliyesimama ubavuni. Hana hata kovu, kama ulivyoniandikia wewe.

Kilichobadilika ni jina, na kila jina lilikuja na adhabu yake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia daktari wa Uingereza, Charles Myers, aliandika mwaka 1915 kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu, kuona au kunusa, na hali hiyo ikaitwa mshtuko wa makombora. Watu walidhani ni mtikisiko wa mlipuko, mpaka walipoonekana wenye dalili hizo hizo ambao kombora halikuwahi kuwakaribia. Uingereza iliwapiga risasi askari wake yenyewe kwa kutoroka na kwa uoga. Mwaka 2006, wengine karibu miaka 90 baada ya kuzikwa, 306 kati yao walisamehewa, na inaaminika kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa. Mwaka 1943 huko Sicily, Jenerali Patton wa Marekani aliwazaba makofi askari wawili waliolazwa hospitali ya kijeshi bila jeraha la kuonekana. Jina tunalotumia leo, ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita msongo wa baada ya kiwewe, liliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya maveterani wa vita vya Vietnam kulipigania kwa miaka. Kwa hiyo baba mkwe yuko sahihi kwa jambo moja: enzi zake huenda jina hilo halikuwapo.

Ukipata nafasi, kaa na mama mkwe wakati mzee hayupo. Usianze na habari za mumeo. Muulize mzee alikuwa akilala vipi aliporudi. Mtu aliyeendelea kukunja nguo bila kuinua kichwa ana jibu.

Yanayotokea nyumbani kwako yana mantiki, ila ni mantiki ya mahali pengine. Kule alikokuwa, aliyelala chini upesi kabla ya kuwaza ndiye aliyebaki hai. Aliyekaa kuelekea mlango ndiye aliyeona wa kwanza. Mwili ukajifunza, na mwili hausomi barua ya kustaafu. Mfuniko ulipolia hakuna uamuzi uliopita kichwani mwake. Alikwenda chini, na angalia alikwenda chini na nani. Mweleze mtoto hivyo kwa lugha yake: baba alisikia mlio akadhani ni hatari, akakukinga, na wewe hukukosea chochote kuangusha mfuniko. Mwambie hata kama zimepita wiki mbili. Yale macho ya kwapani bado yanasubiri jibu.

Usiku usimguse akiwa usingizini. Simama mbali, karibu na mlango wa chumba, washa taa, mwite kwa jina lake, umwambie wewe ni nani na yuko wapi: "Ni mimi, uko nyumbani, ni usiku." Rudia kwa sauti ya kawaida mpaka akujibu. Kulala vyumba tofauti kwa sasa si ndoa kuvunjika, ni busara, na nadhani alilitaka hilo kwa kukuogopea wewe kuliko kwa kukukimbia. Ila sitaki uliweke jambo la shingo kwenye kapu la "ndio ugonjwa". Kukabwa shingo kunaweza kuua au kudhuru bila kuacha alama. Ukiona ugumu wa kumeza, sauti kubadilika au kichwa kuuma baada ya jambo kama lile, nenda hospitali. Na siku atakapokupiga au kukutisha akiwa macho, hapo dada yako ana haki kabisa: ondoka na mtoto kwanza, mengine yazungumzwe ukiwa mbali. Kiwewe kinaeleza mengi, lakini hakikulazimishi wewe ubaki uumie.

Kuna sentensi moja katika barua yako ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine. "Wangejua nilichokifanya wasingenipa mkono." Hiyo si hofu. Tumezoea kudhani kila askari aliyerudi vibaya anasumbuliwa na yale aliyotendewa, milipuko na risasi. Wapo wanaosumbuliwa na walichotenda wao, au walichokiona kikitendwa wakanyamaza, au walichoamriwa na mkubwa waliyemwamini. Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewatibu maveterani wa Vietnam huko Boston, aliona jambo hili kwa wagonjwa wake na kulieneza kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni jeraha la dhamiri. Shay alikuwa akiwasoma Wagiriki wa kale sambamba na kuwasikiliza wagonjwa wake, na alisema wazi kwamba waliyokuwa wakimwambia aliyaona humo humo.

Jeraha hilo haliguswi na sifa. Kila jirani anayemwita shujaa anamfungia mlango, kwa sababu anajua wanamsifu mtu mwingine. Wala usiharakishe kumwambia "ulikuwa vitani, hukuwa na namna." Huenda ni kweli, lakini likisemwa upesi linasikika kama unamtaka anyamaze. Usimlazimishe kukusimulia. Siku akianza mwenyewe, acha unachofanya, usishtuke usoni, usitoe hukumu wala msamaha. Sema tu, "Nipo, endelea." Na kama kuna sehemu huwezi kuibeba, una haki ya kumwambia kwamba hiyo aimalizie kwa mtaalamu.

Kuna tamthilia nyingine, ya Euripides, mtunzi mwingine wa Athens, ambamo shujaa Heracles anarudi nyumbani kutoka kwenye kazi zake kubwa, anapandwa na wazimu na kuua mke na watoto wake. Akili zinamrudia, anajifunika kichwa asionwe. Rafiki yake Theseus anakuja, anamtaka ainuke, anampa mkono. Heracles anakataa: nitakupaka damu nguoni. Theseus anamjibu kwa namna ambayo siwezi kuisoma bila kusimama kidogo: ipake tu, wala usijali. Hamwambii kwamba hana damu mikononi. Anampa mkono hivyo hivyo, na wanaondoka pamoja kwenda Athens. Nakukumbusha kwamba mumeo alisema hasa juu ya kupewa mkono.

Mtu kama huyu hupona? Wengi hupata nafuu kubwa, wapo wanaobaki na makovu wakaishi nayo vizuri, na wengine hurudi nyuma mara kadhaa kabla hawajasimama. Tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi ni ya mazungumzo, lakini si mazungumzo ya kupoza tu. Ni vikao na mtaalamu aliyesomea kiwewe, mara nyingi 12 hivi, ambamo mgonjwa hulikabili tukio lenyewe kidogo kidogo mpaka kumbukumbu iache kumvamia ikae mahali pake kama jambo lililopita. Mwanzoni dalili zinaweza kupanda, na wengi hukimbia hapo, kwa hiyo ujue mapema ili asipotaka kurudi wiki ya tatu usidhani tiba imeshindwa. Zipo pia dawa za sonona zinazosaidia, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na huandikwa na daktari. Vile vidonge vya usingizi vya kujinunulia si tiba ya hili, na vingine humzuia mtu asipone. Lakini asiviache ghafla kama amevitumia muda mrefu. Mpelekee daktari pakiti zenyewe azione, apange namna ya kumpunguzia.

Na wale wa kikosini anaokataa simu zao, mmoja wao mtafute wewe. Wapo watu ambao hawawezi kumwambia mke wala daktari, ila atakaa na mwenzake aliyekuwa pale, wataongea habari za mpira saa nzima, na katikati yake sentensi moja itatoka.

Bado hujaniuliza habari zako. Tangu mwaka 2008 kuna kundi la waigizaji Marekani linalowasomea wanajeshi na familia zao tamthilia ya Ajax, kisha ukumbi unaachiwa uzungumze. Katika usomaji wa mwanzoni kabisa alisimama mke wa mwanajeshi akasema kwamba mumewe amekwenda vitani mara nne, na kila mara, kama Ajax, alirudi akiburuta maiti zisizoonekana mpaka ndani ya nyumba yao. Zilizoburutwa kwako umekaa nazo miaka 3, umehesabu komeo kila usiku, na umejiita asiyelala. Wewe pia mwone mtaalamu, peke yako, hata mara moja. Mweleze kuhusu shingo. Mweleze kwamba mlio wa mfuniko sasa unakushtua na wewe, maana nina hakika unakushtua.

Tecmessa alipoambiwa anyamaze hakunyamaza. Alitoka nje ya hema akawaeleza mabaharia kila kitu, neno kwa neno. Waliokuwa nje ndio waliosikia nafuu badala ya hatari. Watu wako hawajui hata kwamba kuna cha kusikia, kwa sababu shemeji anadhani amepewa zawadi. Mpigie sasa, umweleze ile saa ina maana gani. Aje leo jioni alale hapo sebuleni, na aje nayo mkononi.

Kisha niandikie, hata mstari mmoja.

Shangazi